Mashujaa wenye wakwe: safari ya Dar, Kalenga mpaka Songea

Alhamisi usiku, Dar

Mabegi yamepangwa, watoto wamegoma kulala. Kabla hatujaondoka niseme kidogo kazi yangu, maana kila nikimwambia mtu natunga komiki ananijibu "aah kumbe unachora". Sichori jamani. Mimi nikichora ng'ombe utadhani kabati. Mimi naandika skripti, yaani ukurasa huu una paneli tano (vile visanduku vya picha), paneli ya kwanza tunaona nini, nani anaongea, kwenye puto lake kuna maneno gani, alafu natuma kwa mchoraji wangu yuko Temeke na yeye ndo anateseka. Nikimwandikia "jeshi lote linashuka mlimani" ananipigia simu saa tano usiku kuniuliza hilo jeshi lote anachora nani, mimi?

Mkate wa nyumbani unatoka kwenye komiki za miradi. Kunawa mikono, kulala kwenye chandarua, kumaliza dozi. Nimeshatunga shujaa wa sabuni, nimeshatunga shujaa wa choo, na wote ni wazuri kwa kweli siwadharau, shida yao ni moja tu, bajeti ya mradi ikiisha na wao wanakufa hata kama hadithi ilikuwa katikati. Ndo maana nimeamua mwaka huu nifanye kitabu changu mwenyewe, kurasa 48, cha mashujaa wetu wa kweli kweli, Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na watu wa Majimaji, ile vita ya kusini ya 1905 mpaka 1907 dhidi ya Wajerumani hao hao. (48 sio uganga, kitabu cha kubanwa kwa stepla kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne, ukimpelekea fundi wa kuchapa kurasa 47 anakuangalia usoni.)

Mama watoto ni mwalimu na ni Mngoni wa Songea. Likizo ya Juni alishapanga kupeleka watoto kwa bibi yao, nikamwambia basi twende wote ila tushuke Iringa tulale, nione Kalenga, palipokuwa na ngome ya Mkwawa. Akanijibu "kwa hiyo safari ya kwa mama imekuwa ya kazi yako". Sikujibu. Tiketi nilikuwa nimeshakata.

Ijumaa, Dar mpaka Iringa

Mbezi Luis saa kumi na mbili asubuhi, giza bado, wapiga debe wako macho kuliko abiria. Gari ikatoka kwa wakati, ajabu. Chalinze, Morogoro, na mpaka tunaingia Mikumi dogo wangu wa darasa la tatu alikuwa ameshauliza lile swali ambalo limeharibu safari yangu yote: "Baba, Mkwawa na Batman nani mkali?"

Nikamwambia Mkwawa. Akasema kwa nini. Nikaanza Lugalo 1891, akanikatisha, twiga wale pale! Basi ikawa twiga, tembo, nyani, kilomita kama 50 barabara inapita ndani ya hifadhi, na hakuna mtunzi duniani anayeweza kushindana na tembo dirishani.

Ila swali lilinibakia. Maana ukiangalia hawa mashujaa wa Marekani, Superman wa 1938, Batman wa 1939, Spider-Man wa 1962, wote ni yatima. Wote! Mmoja sayari yao imelipuka, mmoja wazazi wameuliwa uchochoroni, mmoja amelelewa na baba yake mkubwa na mkewe, na baba mkubwa mwenyewe akauliwa. Naelewa kwa nini, mimi ni mtunzi, yatima ni rahisi kumwandika. Hana mtu wa kumuuliza umelala wapi. Hana michango ya harusi, hana kikao cha ukoo, hana mama mkwe. Anaruka tu juu ya maghorofa usiku kucha na asubuhi hakuna wa kumwambia gesi imeisha.

Nikamgeukia mama watoto nikampa hii nadharia, akasema "sasa wewe ungekuwa shujaa tungekula nini?" Abiria wa mbele akacheka. Hapo ndo nikajua kitabu changu kina kitu.

Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu dirishani, kila mtu ananunua vitunguu pale hata kama nyumbani vipo. Kitonga tukapanda polepole nyuma ya foleni ya malori, korongo upande mmoja mlima upande mmoja, mama mmoja anasali kwa sauti. Baada ya Ilula nikawaambia watoto wafungue macho maana Lugalo inakuja, nikawasimulia haraka haraka. Tarehe 17 Agosti 1891 Wajerumani walikuja na jeshi chini ya Emil von Zelewski, watu walikuwa wanamuita Nyundo kwa ukali wake, Wahehe wakawavizia porini, vita ikaisha mapema tu na Nyundo mwenyewe hakutoka. Inasimuliwa alichomwa mkuki na kijana mdogo. Dogo akataka kujua mdogo kiasi gani, kama yeye? Nikasema mkubwa kidogo kwako. Akanyamaza mpaka Iringa, anafikiria mambo yake.

Iringa baridi, wenyeji wanatusalimia kamwene kamwene, watoto wetu wa Dar wanatetemeka Juni hii kama walitolewa friza, tukala tukalala.

Jumamosi, Kalenga

Kalenga ni karibu tu na mjini, kama kilomita 15 hivi. Nilikuwa nimejiandaa kuona ngome. Ngome hakuna, Wajerumani waliipiga kwa mizinga ikaanguka tarehe 30 Oktoba 1894, leo ni kijiji kimetulia na kuku wanapita. Kuna jumba dogo la makumbusho. Na ndani yake, kwenye kioo, kuna fuvu.

Sasa nisimulie kama ninavyojua mimi maana kisa cha Mkwawa watu wengi wanakiishia Lugalo, wanaishia alipopiga. Baada ya Kalenga kuanguka jamaa hakujisalimisha, akaingia porini miaka karibu minne, anatokea anapiga anapotea, Wajerumani wakatangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Mwisho wa 1896 wakamsimika ndugu yake Mpangile awe mtawala wao, na haikufika hata miezi mingi, mwanzoni mwa 1897 wakamnyonga huyo huyo waliyemsimika, wakimshuku anamsaidia ndugu yake kisirisiri. Hebu fikiria hiyo familia. Mmoja anawindwa, mwingine amevalishwa ukubwa na watu wanaomwinda mwenzake, kila chakula kinachotoka nyumbani kwenda porini ni kesi ya kunyongwa.

Julai 1898 kule Mlambalasi, wamemkaribia kabisa, Mkwawa akajipiga risasi asishikwe. Wakamkata kichwa wakaondoka nacho.

Kwenye komiki ya kawaida hapo ndo mwisho. Ukurasa mzima mweusi, jina lake, basi. Lakini mimi niliposimama pale na binti yangu wa kidato cha pili, anasoma kibao kwa sauti ya chini, nikaona hadithi ndo inaanza. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa kumaliza Vita ya Kwanza ya Dunia, mambo makubwa ya mipaka na fidia, ibara ya 246 inasema Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. (Ibara hiyo hiyo inadai na Kurani ya Khalifa Othman. Ukiiweka kwenye skripti mhariri atasema umezidisha chumvi.) Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Twining mwenyewe, ndo akaenda makumbusho ya Bremen kule Ujerumani akakuta mafuvu mengi yamepangwa, na unajua walilitambuaje? Walilinganisha vipimo na vya ndugu zake Mkwawa waliokuwa hai, alafu wakatafuta lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 likarudi hapa Kalenga, akakabidhiwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, huyo huyo ambaye baadae alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Kwa hiyo vita ya kichwa cha Mkwawa imechukua miaka mingi kuliko vita ya Mkwawa, na walioipigana hawakushika mkuki. Ni watu waliokaa nyumbani wakikataa kusahau, wanazaliwa wengine wanarithishwa deni, babu yetu hajarudi.

Dogo aliangalia fuvu muda mrefu alafu akaniuliza, "watoto wake walilia?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama Batman ana watoto, nikasema tuondoke watu wengine waingie.

Jumapili, Iringa

Siku ya kupumzika, kwa jina tu. Tulipanda jiwe la Gangilonga asubuhi, mji wote unauona chini, inasemwa Mkwawa alikuwa anakaa pale kuwaza, na kweli mtu unawaza maana pumzi imeisha huna jinsi. Jioni simu ikaita, mteja mmoja wa komiki ya mradi anataka shujaa wangu wa maji safi abadilishwe awe "anafaa mikoa yote", yaani asiwe na lafudhi, asiwe na kabila, asiwe na chakula anachopenda. Nikarekebisha kitandani kwenye simu huku mama watoto amezima taa. Ada za shule zinalipwa hivyo.

Jumatatu, Iringa mpaka Songea

Safari ndefu hii, ila nzuri. Mafinga misitu ya mbao, Makambako tukakata kushoto kuiacha barabara ya Mbeya, Njombe baridi imetushika hata ndani ya gari, parachichi na viazi kila kituo. Kondakta Mhehe, akasikia mama watoto ni Mngoni ikawa vita upya. Hawa watu walipigana vibaya sana kabla Mjerumani hajafika na leo wanalipana kwa matusi ya utani, kondakta anasema nyie mlitembea kutoka Afrika Kusini mpaka hapa mmechoka mkatukuta sisi tumekaa, mama watoto anamwambia nyie semeni kwanza mbwa wa kijijini kwenu mmewala wote? Gari zima linacheka. Mimi mtu wa Pwani nimekaa katikati naandika haya yote kwenye simu, mazungumzo ya bure kabisa haya, huwezi kuyatunga ukiwa umekaa mezani.

Tulifika giza limeingia. Mama mkwe amesimama mlangoni, shikamoo mama, marahaba baba, wajukuu wamemrukia mpaka kanga imeanguka. Tukala ugali na dagaa wa Nyasa. Mkwe hakai ovyo, nimekaa kiti cha pembeni nimenyooka mgongo, bibi akaniuliza kwa upole, "baba, bado unaandika vile vitabu vya watoto?" Nikasema ndiyo mama, bado. Akasema "haya". Neno moja hilo, ila lilikuwa na paragrafu ndani.

Jumanne, Makumbusho ya Majimaji

Yako Mahenge, hapa hapa mjini Songea. Tulikwenda wote, na mama mkwe pia, kavaa vitenge vyake vizuri, kumbe kwake kwenda pale ni kama kwenda kusalimia.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa wakubwa wa Wangoni, zaidi ya watu 60, wakawafukia kwenye kaburi moja la halaiki. Nkosi Mputa, yaani mtawala wao, yumo. Nduna (jemadari) Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, ana kaburi lake peke yake pembeni, na kila Februari watu wanakusanyika hapa kuwakumbuka. Ila kaburi la Songea halina kichwa. Kilichukuliwa kwenda Ujerumani, na ukoo wake unakidai mpaka leo. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa hapa, akakaa na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha na akaahidi kusaidia kukitafuta.

Mnaona inavyofanana na Kalenga? Mimi nilisimama pale nikasema basi, kitabu changu nimekipata, sio vitabu viwili ni kimoja. Mashujaa hawa wana ndugu. Ukiwachora peke yao mlimani na mkuki wamesimama upepo unapuliza, umewafanya yatima kama wale wa Marekani.

Binti yangu yeye alikuwa na jambo lake. Kwenye majina ya walionyongwa yupo mwanamke mmoja, Mkomanile, ndiye anayetajwa kumpokea Kinjala aliyeleta Ungoni maji, ile dawa ya vita. Akaniuliza kwenye skripti yako ana paneli ngapi. Nikasema mbili. Hakusema kitu, akanitazama tu na yale macho ya mama yake. Jioni zikawa kurasa nne.

Jumatano, nyumbani kwa mama mkwe

Mvua hakuna, jua la baridi, nimekaa uani na daftari na tatizo la kitaalamu kabisa. Tatizo ni maji yenyewe.

Maana mwanzo wa Majimaji ukiusikia ni komiki imejiandika. Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe, inasimuliwa aliingia kwenye bwawa la mto akapotea, watu wakamtafuta, kesho yake akatoka mkavu nguo hazijalowa. Mkavu! Nani asingenunua hiyo? Akatoa dawa, maji na mtama na mafuta ya nyonyo, ukipakwa risasi inageuka maji. Julai 1905 Nandete watu wakang'oa pamba ya Mjerumani ikawa vita, na moto ukaenea kusini yote, makabila ambayo hata hayakuwa yanasalimiana yakasimama pamoja. Kinjikitile mwenyewe akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ndo kwanza inaanza kukua.

Alafu mwisho wa Agosti kule Mahenge, ile ya Ulanga sio hii ya makumbusho, watu wakazikabili bombomu, zile bunduki za rashasha, na dawa haikufanya kazi.

Shujaa wa komiki nguvu zake zinafanya kazi, hiyo ndo kanuni, zikigoma zinagoma ukurasa wa 30 na ukurasa wa 40 zinarudi. Hizi hazikurudi. Kuna wanaotaka niandike kwamba watu walidanganywa, na kuna wanaotaka niweke miujiza kidogo mambo yapendeze, mimi wote siwataki. Mtu aliyepakwa maji akasimama mbele ya bunduki ninaweza kumwandika. Lakini mtu ambaye ameshaona jirani yake kaanguka, anajua sasa kwamba dawa haizuii, na mwaka 1906 na 1907 bado yumo porini anapigana, huyo ana nguvu gani? Hapo ndo kalamu yangu ilikuwa imesimama tangu Dar.

Mama mkwe alikuwa anapepeta ulezi pembeni, akaniuliza nawaza nini, nikamweleza hivi hivi nilivyowaeleza nyie. Akasema nyie wanaume mnaandika vita tu, vita ilikuwa ndogo, kubwa ilikuwa njaa. Ni kweli, Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi, waliokufa kwa njaa na magonjwa ni wengi kuliko wa risasi, makadirio yote ya vifo yanaanzia 75,000 mpaka 300,000.

Alafu akasimulia ya kwao. Bibi yake alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Mama yake huyo bibi alikuwa na kibuyu cha mbegu za ulezi, wakakimbia nacho porini, wakala mizizi, wakala majani, mtoto mmoja akafa njiani, na kile kibuyu hakikufunguliwa. Watoto wanalia njaa na chakula kipo mgongoni mwa mama yao. Mvua ilipokuja wakarudi wakapanda. Akasema bibi mpaka anazeeka alikuwa hamsamehei mama yake, na kila msimu alikuwa anaficha kibuyu darini.

Akaendelea kupepeta. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni, hajawahi kuisikia hiyo, miaka yote hiyo ni mtoto wa nyumba hii. Wakaongea Kingoni muda mrefu, mimi nikatoka nikawapisha.

Alhamisi, Songea

Nimemtumia mchoraji ujumbe wa sauti mrefu mpaka amelalamika bando. Nimemwambia tunabadilisha. Lugalo inabaki kwa sababu dogo atanikana, na kile kijana cha mkuki kinakuwa na mama anayekifokea asubuhi kabla ya vita. Kalenga inaanzia 1954 tunarudi nyuma. Songea tunaanza na ukoo uliokaa sebuleni unasubiri majibu ya barua. Mkomanile kurasa nne. Na katikati ya kitabu, pale kwenye stepla ambapo kurasa mbili zinafunguka pamoja, sehemu ambayo kila mtu anaweka mapigano makubwa, naweka mama porini na kibuyu, watoto wanamwangalia. Hakuna puto hata moja.

Akajibu baada ya saa nzima. "Kaka, nani atanunua komiki ya mama anaficha ulezi?"

Nikamwambia waliokuwa na bibi.

Akasema sawa, lakini jalada achore yeye anavyotaka, Mkwawa, bunduki, moto nyuma, misuli, maana hivi vitabu vinauzwa kwa macho na yeye pia ana kodi ya nyumba. Tumebishana bei mpaka chaji ikaisha, mwisho nimemwachia jalada. Dogo ameuona mchoro wake wa kwanza wa haraka haraka amesema huyu sasa Batman hamuwezi.

Kurasa zimefika 52. Bado zinagawanyika kwa nne, ila gharama ya kuchapa imepanda na mama watoto bado sijamwambia, nasubiri tupite Makambako.